Kuomba mkopo wa kujikimu chuoni kabla ya msimu wa korosho

Kwa familia nyingi za Newala, Tandahimba na Ruangwa, fedha huingia nyumbani korosho zinapoanza kuuzwa mnadani mwezi Oktoba, ilhali kwa kawaida dirisha kuu la maombi ya mikopo huwa limekwishafungwa. Kwa hiyo anayeitegemea Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu aanze kuandaa nyaraka mara tu amalizapo mtihani wa kidato cha sita, na atenge mapema ada ya maombi, shilingi 30,000.

Anza na cheti cha kuzaliwa, ambacho sharti kihakikiwe kwa njia ya mtandao na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo. Wengi hukwama hapa: cheti cha kuzaliwa kinasema "Saidi", cha kidato cha nne kinasema "Said", na hakuna aliyeiona herufi hiyo moja mpaka siku za mwisho. Viweke vyeti vyote mezani, uvilinganishe herufi kwa herufi. Aliyefiwa na mzazi ahakiki pia cheti cha kifo. Na ikiwa kifo hakikusajiliwa, kisajiliwe sasa, kwani bila cheti hicho uyatima unaojulikana kijiji kizima hautahesabiwa na Bodi. Kaya iliyomo katika mpango wa TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, nayo iwe na uthibitisho wake tayari.

Fomu hujazwa mtandaoni, kisha huchapishwa ili isainiwe na mwombaji, mdhamini, uongozi wa kijiji au mtaa, na kamishna wa viapo, ambaye aghalabu ni wakili. Kwa kuwa mawakili wengi wako mijini, pata kwanza saini za kijijini, ndipo ufunge safari moja tu ya Mtwara, Lindi au Masasi.

Fedha ya chakula na malazi, ambayo wanafunzi huiita bumu, ilipandishwa mwaka 2023 kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Hutolewa kwa awamu, baada ya mwanafunzi kusajiliwa chuoni na kusaini, na awamu ya kwanza huweza kuchelewa. Nawasihi wazazi wampe kijana akiba ya wiki kadhaa, japo ndogo. Kumbukeni pia kwamba huu ni mkopo: akiajiriwa, atakatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi. Aliyekosa mkopo, au aliyepata kiasi kisichomtosha, afuatilie dirisha la rufaa, ambalo hufunguliwa kwa siku chache tu.