Kutoka kadi ya kijani ya ndoa hadi uraia wa Marekani: hatua kwa hatua

Kazi yangu ni kuwasaidia watu kujaza fomu za uhamiaji huku Marekani. Wengi wanaokuja mezani kwangu ni Watanzania, Wakenya na Wakongomani waliopata kadi ya kijani, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, kwa kuoana na raia. Wao wanaweza kuomba uraia baada ya miaka 3 badala ya 5 ya wakaazi wengine, kwa hiyo swali lao huwa moja: "Miaka mitatu imefika, nijaze?" Kabla sijajibu nauliza mliishi wapi na tangu lini. Sheria inahesabu kadi, inahesabu na ndoa, na hesabu hizo mbili si lazima zianze siku moja.

Hatua ya 1: Isome kadi yako

Ikiandikwa CR1 au CR6, ndoa yenu ilikuwa haijatimiza miaka 2 siku ulipopewa ukaazi, kwa hiyo kadi ina masharti na inaisha baada ya miaka 2. IR1 au IR6 ni ya miaka 10; ruka hatua inayofuata.

Hatua ya 2: Ondoa masharti

Fomu ni I-751. Mnaitia saini wote wawili na kuituma ndani ya siku 90 za mwisho kabla kadi haijaisha. Ndoa ikivunjika, au kukiwa na kipigo nyumbani, unaweza kuomba peke yako bila kungoja siku hizo. Hapo tafuta wakili. Majibu huchelewa, lakini barua ya kupokelewa huirefusha kadi kwa miezi 48, kwa hiyo tembea nayo. Ile miaka 2 ya masharti haipotei, inaingia kwenye hesabu ya uraia.

Hatua ya 3: Piga hesabu mbili

Ya kwanza ni ya ukaazi: miaka 3 tangu tarehe ya kuanza ukaazi iliyo kwenye kadi, na ndani yake uwe umekuwepo Marekani angalau miezi 18 kwa jumla. Ya pili ni ya ndoa: miaka 3 mmeishi pamoja, na mwenzio awe raia muda huo wote. Kama yeye mwenyewe aliapa kuwa raia mwaka jana, saa yako imeanza mwaka jana, hata mkiwa mmeoana tangu zamani.

Sasa penye mtego. Unaruhusiwa kutuma ombi la uraia (fomu N-400) siku 90 kabla ya miaka 3 ya ukaazi kutimia, lakini ruhusa hiyo haigusi hesabu ya ndoa. Tuseme mlifunga ndoa Mombasa, mume akarudi Ohio, mke akabaki kusubiri viza hadi alipoingia Marekani tarehe 10 Machi 2023. Maisha yao ya pamoja yanahesabiwa tangu siku hiyo. Akituma katikati ya Desemba 2025, ukaazi unamruhusu, ndoa inamkatalia. Angoje hadi 10 Machi 2026 ipite. Aliyekuwa akiishi na mwenzio kabla ya kupata kadi hana shida hiyo. Watu husikia habari ya siku 90, wanatuma, wanakataliwa, na ada hairudi.

Safari nazo zina hesabu yake. Ukikaa nje zaidi ya miezi 6 mfululizo, ni juu yako kuthibitisha kwamba hukuhama. Ukifikisha mwaka, hesabu imekatika. Hata kama ulikwenda kumuuguza mama.

Njia ya miaka 3 ni nafuu tu, hulazimiki kuipita. Mkiachana kabla ya kiapo, imekufa, hata kama usaili ulishapita. Mwenye kadi ya miaka 10 anaweza kusubiri miaka 5 kama wakaazi wengine. Nikiona mume na mke hawalali tena nyumba moja, nashauri kusubiri.

Hatua ya 4: Kusanya ushahidi

Cheti cha ndoa, hati za talaka za ndoa zote zilizotangulia (zako na za mwenzio), uthibitisho wa uraia wake, mkataba wa pango wenye majina mawili, akaunti ya benki ya pamoja, vyeti vya watoto. Rekodi za kodi za miaka 3 hupatikana bure IRS, idara ya kodi ya Marekani. Kama mmoja wenu alijaza kodi kama mtu asiye na ndoa, rekebisheni kwanza.

Mwenye mke wa pili nyumbani asijaze chochote kabla ya kuonana na wakili. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 inaitambua ndoa hiyo. Kwa afisa wa uhamiaji wa Marekani ni sababu ya kukunyima uraia. Vilevile usikubali kuandikishwa kupiga kura unapochukua leseni ya udereva. Kura si ya mkaazi.

Hatua ya 5: Amua kuhusu pasipoti ya nyumbani

Katiba ya Kenya ya 2010 inaruhusu uraia pacha. Tanzania hairuhusu kwa mtu mzima, na Kongo ya Kinshasa nayo hairuhusu. Mwenye shamba au nyumba Tanzania apate ushauri wa ardhi kabla ya kuapa.

Hatua ya 6: Fomu N-400 na usaili

Ada ya kawaida ni dola 710 mtandaoni, 760 kwa karatasi. Baadaye huja alama za vidole, kisha usaili. Walioomba kuanzia 20 Oktoba 2025 husoma maswali 128 ya uraia. Huulizwa hadi 20 na hufaulu kwa 12. Wengi hukariri hayo vizuri, halafu wanakwama kwenye maswali ya fomu yenyewe, na hapo ndipo Kiingereza chao kinapopimwa. Isome N-400 kwa sauti mpaka kila neno ulielewe.

Hatua ya 7: Kiapo

Unarudisha kadi, unaapa, unapewa cheti. Kisome herufi kwa herufi kabla hujatoka ukumbini, maana majina yetu matatu huchanganywa sana. Kosa ukiliona palepale, waambie palepale. Ukishafika nyumbani ni fomu nyingine, N-565.