Kukarabati nyumba ya tofali mbichi: paa kwanza, ukuta baadaye

Nyumba niliyoachiwa na baba hapa Isevya, Tabora mjini, ni ya tofali mbichi, yaani za udongo zisizochomwa, kuta zenye unene wa sentimita 40. Kaka yangu alisema nibomoe nijenge kwa bloku. Nikamwambia aje alale ndani ya kuta hizi za udongo mwezi wa kumi, Tabora inapowaka kwa joto, aone ubaridi wake, halafu arudie maneno yake. Hakurudia. Nikakarabati kwa hela ya asali, kidogo kidogo.

Adui wa ukuta wa udongo ni maji, na mengi huingilia juu. Usipige lipu chini ya paa linalovuja. Panga kazi kati ya mwezi wa sita na wa tisa. Mvua zetu huanza Novemba, na ikifika Oktoba fundi humpati, kila mtu amekumbuka paa lake siku moja.

Kabla ya kununua bati hata moja, panda juu na bisibisi. Choma kila kenchi, zile mbao zinazobeba paa, hasa ncha zinazolalia ukuta. Bisibisi ikizama kama kwenye mkate, mchwa kashamaliza. Kenchi za baba ni za mninga. Kati ya kumi na nne niliondoa tatu tu, ingawa fundi alitaka zote zitoke aweke za msindano. Msindano uliotiwa dawa hauna ubaya, ila mninga mkavu hautupwi. Utoboe kwanza kwa keekee, maana ncha zake zikigongwa msumari mkubwa hupasuka.

Kwenye mabati, namba ya geji ikipanda bati linakuwa jembamba. Geji 32 iachie banda la kuku. Geji 30 inafaa papi, mbao zinazopigiliwa bati, zikikaribiana. Mimi nilitaka geji 28 kwa sababu ya miembe miwili iliyoinamia nyumba: embe bichi likidondoshwa na upepo linaacha kibonyeo. Duka la kwanza wakaniuzia bati la rangi, wakasema ni 28. Nikalipima kwenye mizani yangu ya asali pamoja na la duka jingine, urefu na upana uleule. La kwanza lilikuwa jepesi waziwazi. Nikalirudisha, kwa kelele. Na matawi ya mwembe yakate. Majani yakirundikana juu ya bati yanashika unyevu, kutu inaanzia hapo.

Upepo wetu mwingi hutoka mashariki, kwa hiyo anza kupanga kutoka magharibi, kila bati jipya lilalie lililotangulia kwa mgongo mmoja na nusu. Hapo maungio yanaupa upepo kisogo. Msumari wenye raba upigwe juu ya mgongo, kamwe si bondeni maji yanakopita, na usigongwe mpaka mgongo ukabonyea. Kenchi nazo zifungwe. Tofali mbichi halishiki msumari, kwa hiyo toboa ukuta safu nne au tano za tofali chini ya kenchi, pitisha waya mnene, uzungushe na kukaza. Uzito wa tofali za juu ndio utakaolishikilia paa siku ya kimbunga.

Upenu usiwe chini ya sentimita 60. Wa baba ulikuwa kama shibiri mbili, na ndiyo maana chini ukuta ulikuwa umeliwa na matone yanayoruka kutoka ardhini.

Kama paa lako la zamani ni la asbesto, yale mabamba ya kijivu mazito, usiyavunje wala kuyakata: vumbi lake huleta saratani. Lowanisha, yashushwe mazima, na umuulize afisa mazingira wa halmashauri pa kuyapeleka.

Sasa ukuta. Miaka ya nyuma fundi mmoja alinipigia lipu ya sementi, ikang'aa, watu wakanipongeza. Masika ya pili ikaanza kulia ko-ko-ko ukiigonga, ya tatu ikadondoka vipande vikubwa kama sinia, na udongo nyuma yake ulikuwa umelowa. Sementi ni ngumu na udongo unatanuka na kusinyaa. Nyufa zikitokea maji yanaingia, na kutoka hayawezi.

Safari hii nilibandua yote. Tukakwangua maungio ya tofali kina cha kidole, tukanyunyizia maji. Mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza la lipu, ni udongo wa kichuguu, mchanga na nyasi zilizokatwa fupi, vikanyagwe na kulazwa siku tatu hadi vinuke. Ndiyo, vinuke. Usizidishe sentimita moja na nusu kwa mkono mmoja. Ukikauka na kupasuka kidogo, usihofu, nyufa ndogo zinashika mkono wa pili: chokaa kipimo kimoja, mchanga uliochekechwa vipimo vitatu. Chokaa ya mfuko iloweke tangu jana yake, vaa glavu na miwani, maana ikiingia jichoni utajuta.

Chokaa haipendi haraka ya jua. Tulianza upande wenye kivuli, tukatundika magunia yaliyoloweshwa, nikawa nanyunyiza asubuhi na jioni kwa wiki nzima kama ninayemwagilia bustani. Kisha rangi ya chokaa yenye chumvi kidogo, nyepesi kama maziwa, mara tatu. Ukiipaka mara ya kwanza utaona ukuta haujabadilika na utadhani umeibiwa. Acha ikauke, asubuhi unakuta nyeupe.