Namna ya Kufuatilia Jinsi Wazee Wetu wa Unguja na Pemba Walivyoijua Sheria

Anayetaka kujua jinsi mkulima wa Wete au mvuvi wa Nungwi, wa zama za kabla ya himaya ya Waingereza ya 1890, alivyoijua sheria, asianze na vitabu vya makadhi, kwa sababu mtu huyo hakuvisoma. Aanze na mambo yaliyomfika kila mtu: kuoa, kuachana, kukopa, kuuza shamba na kufiwa.

Tangulia na mirathi, tena nyumbani kwenu. Usimwombe mzee akueleze. Mwombe agawe mirathi ya mfano mbele ya macho yako. Bibi yangu, ambaye hakuwahi kukaa kwenye dawati la skuli, alihesabu karafuu kavu 24 juu ya ungo, akasema: "Haya mjukuu wangu, maiti kaacha mke, mama na mtoto mmoja mwanamume." Akatenga 3 za mke na 4 za mama, kisha akazisukuma 17 zilizobaki upande wa mtoto. Nilipomuuliza kwa nini 24, alijibu kuwa ndiyo idadi inayotoa thumni (moja ya nane) na sudusi (moja ya sita) bila ya kuivunja karafuu. Hukumu hiyo imo katika aya ya 11 na ya 12 za Sura ya An-Nisaa, lakini yeye aliipata kwa mama yake, siku watu wazima walipokaa kugawana mikarafuu ya marehemu. Kwa hiyo kila utakapooneshwa hisabu ya namna hii, uliza mara moja: ulijifunza kwa nani, na katika msiba wa nani? Kwa uzoefu wangu swali hilo hufungua mengi kuliko maswali mengine yote, kwani wazee hukumbuka hukumu pamoja na siku iliyotolewa.

Hatua ya pili ni chuoni, yaani kwenye madrasa ya Kurani, na msikitini, na hapa pana jambo linalopotosha wengi. Mtoto aliyehifadhi aya ya 282 ya Sura ya Al-Baqara, inayoamrisha deni liandikwe na liwekewe mashahidi, alihifadhi Kiarabu ambacho mara nyingi hakukielewa. Maana aliipata baadaye katika darsa, pale sheikh alipousoma matini ya Kiarabu kipande kwa kipande na kukifasiri kwa Kiswahili, na wasikilizaji wakauliza kuhusu mambo yao wenyewe. Darsa za namna hiyo zingalipo. Omba ruhusa ukae, usikilize maswali zaidi kuliko majibu. Ukiulizia vitabu, utatajiwa Safina kwa wanaoanza na Minhaji kwa waliobobea, vyote vya madhehebu ya Shafi. Lakini ujue kwanza madhehebu ya familia unayoihoji, maana chini ya masultani wa Kibusaidi walikuwapo makadhi wa Kisuni na wa Kiibadhi.

Wanawake wasiachwe nyuma. Mambo ya tohara (usafi wa ibada), haki za mke na eda, yaani miezi 4 na siku 10 kwa aliyefiwa na mume, msichana aliyasikia kwa somo wake (mwanamke aliyemfunda) na kwa wanawake wazima wa ukoo. Mwanamume akienda kuyauliza hapewi yote, na ni haki. Mtume dada au shangazi.

Kisha zitazame hati. Nyaraka za Taifa pale Kilimani zinahifadhi maandishi mengi ya Kiarabu, na familia nyingine zina zao sandukuni. Tafuta hasa bei ya khiyari, ambayo mwenye shamba aliuza kwa sharti kwamba akizirudisha fedha katika muda uliowekwa shamba linamrudia, na katika muda huo mara nyingi alilikodi shamba lake mwenyewe. Unapoisoma, usiishie kwenye bei na mipaka. Orodhesha majina ya mashahidi. Shahidi hakuhitaji kujua kuandika, lakini alilazimika kuyasikia maneno ya wauziani na kuyakumbuka atakapoitwa mbele ya kadhi, na mtu aliyeitwa kushuhudia mara tatu au nne alikuwa amekwishajua sharti gani hutimiza mauzo na lipi huyavunja. Jina moja likijirudia katika hati kadhaa za mtaa mmoja, umempata mtu ambaye majirani walimwendea kwa ushauri.

Mwisho nenda mashamba, hasa kusini ya Unguja, ukaulizie watu wanne, wazee waliosimamia mambo ya mji (yaani kijiji) na ardhi yake. Hukumu zao hazikuandikwa, na kijana alizijua kwa kukaa pembeni wakati wa shauri. Waombe wenyeji wakutembeze mpakani penyewe, kwa kuwa mzee aliyesimama chini ya mti uliogombaniwa hukumbuka aliyedai, aliyeapa na aliyepewa.