Somo: Kuandaa Kwibuka mkiwa nje ya Rwanda (someni kabla ya kuuliza)

Kwibuka ni kumbukumbu ya kila mwaka ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda ya 1994. Kila ikikaribia Aprili naulizwa yaleyale, basi nayaweka hapa mara moja. Ni kwa vyuo, makanisa na vikundi vya watu 50 hadi 200.

1. Tarehe ni 7 Aprili. Tarehe 6 ni siku ilipodunguliwa ndege ya Rais Habyarimana, na Kwibuka haihusu ndege.

2. Namba ya kwenye bango: toa 1994 kwenye mwaka. 2026 ni Kwibuka 32.

3. Andikeni jina kamili: Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi. Picha za mifupa msiweke.

4. Mishumaa. Kateni duara za boksi, toboeni katikati, pitisheni mshumaa ili nta isiunguze vidole. Moto utoke kwenye mshumaa mmoja mkubwa. Anayepokea ndiye anainamisha wake. Unaowaka ubaki wima. Mkifanya kinyume, nta inamwagikia mwenzako. Ndoo ya mchanga iwe karibu.

5. Kusoma majina. Hapa nilishaharibu, kwa hiyo soma taratibu. USIPANGE MAJINA KWA ALFABETI. Wanyarwanda wengi hawarithi jina la ukoo: baba ana lake, mama lake, na kila mtoto lake. Ukiiambia kompyuta ipange A hadi Z, watoto watano wa nyumba moja wanatawanyika kurasa nne, na shangazi yao aliyebaki anakaa ukumbini akivizia jina mojamoja. Panga kwa nyumba: taja kilima walikoishi, kisha wazazi, kisha watoto kwa kufuatana. Orodha ikusanywe wiki tatu kabla. Aliyeileta aisome kwa sauti, mrekodi kwa simu, msomaji ajifunzie hapo, maana "rw", "cy" na "jy" hazitamkwi kama Mswahili anavyoziona. Majina 120 kwa sekunde 5 kila moja ni dakika 10. Yakizidi, ongezeni msomaji. Kupunguza majina ni mwiko.

6. Ushuhuda: mtu mmoja, nusu saa, asikatizwe wala asiulizwe maswali.

7. Chumba cha pembeni, chenye magodoro mawili, maji, leso na hewa. Wapo watakaopatwa na ihahamuka: anatetemeka, anapiga kelele, anakimbia kama vile wauaji wako mlangoni sasa hivi. Wawili waliofundishwa wamtoe taratibu, wamtajie jina lake na mahali alipo. Msimzingire, msimmwagie maji, msimfungie mlango, msimpigie maombi ya kelele. Programu inaendelea.

MASWALI

— Mkuu, baada ya programu tunaweza kuweka DJ kidogo watu wachangamke?
Hapana.

— Sijasoma yote, ila naomba ratiba.
Umejijibu.

— Kwani lazima tuseme "dhidi ya Watutsi"? Si waliuawa na wengine?
Waliuawa Wahutu waliopinga pia, na wanakumbukwa: tarehe 13 Aprili, wiki ya maombolezo inapofungwa pale Rebero, kilimani Kigali, wanatajwa wanasiasa waliouawa kwa kukataa mpango wa mauaji. Lakini waliolengwa kumalizwa hadi kichanga walikuwa Watutsi. Umoja wa Mataifa nao tangu 2018 unaitaja siku hii hivyo. Nimeshaeleza, sirudii.

— Shikamoo. Mbona mabango ya zamani ni zambarau na ya sasa kijivu?
Marahaba, swali zuri. Zambarau ilitoka kanisani. Kijivu ni rangi ya majivu, alama ya msiba ya Kinyarwanda chenyewe. Mkiwa na vitambaa vya zambarau, vitunzeni tu. Kijivu ndiyo ya kununua sasa.

— Sisi tuko Kagera, kundini hakuna Mnyarwanda hata mmoja. Inatuhusu?
Sana, ndugu yangu. Miili iliyotupwa mto Nyabarongo kule Rwanda iliingia mto Akagera (ndio Kagera wenu), ikapita Rusumo mpakani, ikafika Ziwa Victoria. Upande wa Uganda waliozikwa Kasensero, Lambu na Ggolo ni zaidi ya 10,000. Na kesi za vinara wa mauaji zilisikilizwa Arusha. Mnaweza kutupa maua mtoni, ila daraja la mpakani msikusanyike bila kibali.

— Maua ya plastiki yanafaa? Hayanyauki.
Yataishia kwenye nyavu za wavuvi. Chukueni ya bustanini, yafungeni kwa ugwe wa mgomba, msitumie waya.

— Nyongeza, kama ni darajani: simameni upande ambao maji yakishapita chini ya daraja yanakwenda zake. Mkirushia upande wa pili maua yanapita chini yenu, na watu wote wanageuka kukimbilia ng'ambo kuyatafuta.
Asante, hilo naliongeza.