Funga taitai wakati wa maji mafu

Wenzangu mnaotaka kuanza kulima mwani, nisikilizeni. "Nia ninayo, inshaallah bamvu lijalo." Maneno haya nayasikia sana hapa Jambiani, Unguja. Bamvu, yaani siku maji yanapokupwa sana, likija, kamba hazijakatwa, vijiti havijachongwa, na maji yanajaa mtu bado anatafuta kisu.

Kazi ya mwani haianzii pwani, huanzia barazani. Bamvu huja mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na siku ambazo maji hukauka vya kutosha ni chache. Katikati kuna maji mafu, siku ambazo shambani hapashukiki vizuri. Hizo ndizo siku za kukata kamba, kufunga taitai, vile vijikamba vya kushikia mbegu (vipande vya mwani) kwenye kamba, na kuchonga vijiti. Mimi hufunga kamba tano kila siku baada ya alasiri, nikichoka nisichoke. Bamvu likianza nashuka na mbegu, sina jengine la kutafuta.

Na bamvu linalofuata shuka tena, hata kama hakuna cha kuvuna. Kaza kamba zilizolegea, ondoa magugu, funga upya mbegu zilizokatika. Hapa ndipo wengi huacha, na huniuma kweli, maana mwani wenyewe unataka kama wiki 6 tu.

Anza na kamba 20. Ukizihudumia zote mpaka ukavuna, bamvu jengine ongeza 10.