Somo: Kutunza uso kila siku kwenye joto la Pwani

Somo hili ni la ngozi nyeusi na ya maji ya kunde inayoishi kwenye joto na jasho: Dar, Tanga, Mombasa, Unguja. Walioko kwenye baridi, Njombe au Limuru, wabadilishe hatua ya pili tu, nitawaambia nikifika.

Ngozi yetu ina tabia moja ya kuijua kabla ya kununua chochote. Ikiumizwa, hata kwa kipele kidogo, inaacha doa jeusi, na doa hilo hukaa miezi. Makunyanzi kwetu huchelewa; madoa ndiyo yanayotusumbua. Kwa hiyo kila siku kazi ni mbili: kutoichokoza ngozi, na kulizuia jua lisikoleze doa lililopo. Makopo kumi kwenye kabati huwa yanafanya kinyume chake.

ASUBUHI

1. Kunawa. Anza na mikono. Tumia maji ya bomba, si ya moto, na sabuni ya uso ya maji isiyo na manukato, kiasi cha harage moja. Ipige povu kwenye viganja, ndipo upake usoni kwa ncha za vidole, sekunde 30 hadi 60. Pitia kando ya pua, chini ya kidevu na kwenye mstari wa nywele, maana mafuta ya nywele hushukia hapo na ndiyo chanzo cha vile vipele vya paji la uso. Suuza mpaka utelezi uishe. Kausha kwa kugusagusa, kwa kitaulo cha uso peke yake. Kanga iliyofuta jasho, mikono na mtoto isifike usoni.

Sabuni ya mche iacheni kwa nguo. Ngozi ina uchachu kidogo, pH (kipimo cha uchachu; namba ikipanda uchachu hupungua) karibu 5. Sabuni za mche na nyingi za kipande ziko 9 hadi 10. Ndiyo maana uso unavuta na kukakamaa ukishanawa. Wengi wanauita huo usafi, kumbe ngozi imevuliwa mafuta yake ya kinga.

2. Mafuta ya uso. Losheni nyepesi au geli, kiasi cha njegere mbili, uso ukiwa bado na unyevu. Mwenye ngozi ya mafuta anayeishi Pwani anaweza kuiruka hatua hii asubuhi kama losheni yake ya jua inalainisha. Wa Njombe asiiruke: atumie krimu nzito, na usiku aongeze vaselini kidogo juu yake. Mafuta ya nazi ni mazuri mwilini, lakini kwa mwenye chunusi yasipande usoni, yanaziba vinyweleo.

3. Losheni ya jua. Hapa ndipo wengi wanapoteza pesa yao. Chukua yenye SPF (kipimo cha kinga ya jua) 30 au zaidi, iliyoandikwa kuwa inakinga na UVA pia, miale ya jua inayopenya ndani zaidi ya ngozi. Kipimo: kamulia mstari mnene kwenye kidole cha shahada na mwingine kwenye cha kati, kutoka kitako hadi ncha. Hicho ndicho kiasi cha uso na shingo. Ukipaka tone la ukubwa wa njegere, ile SPF 50 uliyolipia huipati. Paka dakika 15 kabla ya kutoka, na ukiwa juani rudia kila saa mbili, pia kila ukishafuta jasho.

Zenye zinki au titani huacha weupe kama umetoka kinu cha unga. Tafuta ile yenye rangi ya kahawia. Rangi hiyo ni oksaidi ya chuma, na faida yake si urembo tu: inazuia mwanga wa kawaida unaoonekana, ambao kwenye ngozi nyeusi nao hukoleza madoa. Zisizo na rangi haziuzuii vizuri. Kofia ya ukingo mpana au mtandio bado vina kazi yake, hasa kwa anayeshinda gengeni au kwenye bodaboda.

JIONI

4. Nawa tena. Kama ulipaka vipodozi au losheni ya jua, nawa mara mbili: kwanza kwa mafuta au maziwa ya kusafishia, kisha kwa sabuni yako.

5. Dawa, kwa mwenye chunusi tu, na uanze na moja. Benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5 inatosha; ya 10 huchoma zaidi bila kusaidia zaidi. Paka tabaka jembamba eneo lote linalotoa chunusi, si juu ya kipele kimoja. Anza usiku mmoja, uruke mmoja. Inachujua rangi ya nguo, hivyo tandika foronya nyeupe. Chaguo la pili ni adapalini ya asilimia 0.1: njegere moja kwa uso wote mkavu, ukikwepa macho na pembe za midomo. Wiki za mwanzo ngozi humenyuka na vipele huweza kuongezeka. Wengi huitupa hapo, wakati matokeo huja wiki ya 8 hadi ya 12. Ikichoma sana, paka mafuta kwanza, dawa baadaye.

6. Mafuta ya uso tena, kisha lala.

Kitu kipya kiingie kimoja kimoja, wiki mbili kwa kila kimoja, ili ukiwashwa umjue mchawi. Kijaribu kwanza ndani ya kiwiko siku tatu.

Limao, magadi, dawa ya meno na dodoki visifike usoni. Limao hasa: maji yake yakikutana na jua huunguza ngozi na kuacha weusi mbaya kuliko ule uliotaka kuutoa. Liwa haina neno kwa asiyewashwa nayo, ila ipakwe na kuoshwa, isisuguliwe.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo dada. Nimepaka krimu ya kung'arisha miaka minne. Nikiiacha siku tatu uso unawaka moto na kutoa vipele. Nirudie?

Marahaba mdogo wangu. Usirudie. Dalili hizo ni za krimu yenye steroidi kali (dawa za kutuliza uvimbe wa ngozi), kama klobetasoli au betamethasoni. Ngozi imezoea, imekuwa nyembamba, na ukiinyima inalipuka. Nenda kwa daktari wa ngozi na ubebe kopo lenyewe, maana jinsi ya kuacha inategemea kilichomo na muda uliotumia. Kwa sasa bakiza sabuni laini, vaselini na kofia. Mikorogo mingine ina haidrokwinoni, dawa ya kufifisha rangi ya ngozi, ambayo ikitumiwa miaka huweza kugeuza mashavu kuwa meusi ya bluu, na mingine zebaki, inayoharibu figo. Mkataba wa Minamata, wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, uliweka 2020 kuwa mwaka wa kuacha kutengeneza na kuuza vipodozi vyenye zebaki zaidi ya sehemu moja kwa milioni, lakini sokoni bado vimo. Kopo lisilo na orodha ya viambato usilinunue.

Mimi ni mwanaume. Kila nikitoka saluni shingo inajaa vipele vya ndevu, nao wananipaka spiriti.

Spiriti inaunguza tu, kaka, tatizo liko kwenye unywele. Ndevu za kipilipili zikikatwa chini kabisa hujikunja na kuchoma ngozi upya. Acha kunyoa wiki nne vipele vitulie. Kisha tumia mashine inayobakiza milimita moja, ifuate unywele unakolalia, na ngozi isivutwe. Mwambie kinyozi mapema, kabla hajawasha mashine.

Nina mimba ya miezi mitano, mashavu yameota madoa mapana. Nipake nini?

Hongera. Adapalini, retino (krimu za jamii ya vitamini A) na haidrokwinoni weka kando mpaka umwone daktari. Losheni ya jua yenye rangi kila siku ndiyo dawa ya kwanza, na asidi ya azelaiki, dawa ya kupaka ya kufifisha madoa, inakubalika wakati wa ujauzito. Ukiwa kliniki waonyeshe. Kwa wengi madoa hayo hufifia baada ya kujifungua.

Bajeti yangu ni ndogo, nianze na kipi?

Losheni ya jua, halafu sabuni. Mafuta ya uso yanaweza kuwa glisirini ya duka la dawa: kijiko kimoja kwa vijiko vitatu vya maji yaliyochemshwa na kupoa. Tengeneza ya siku mbili tu, haina kihifadhi. Usipake glisirini tupu, inanata na kukusanya vumbi.

Mwanangu ana ualbino, ana miaka mitatu. Hizi hatua zinamfaa?

Dawa za chunusi hapana. Kwake jua ndilo kila kitu: mikono mirefu, kofia pana, na losheni ya SPF 30 kwenda juu tangu sasa, masikio na shingo ya nyuma vikiwemo. Ulizia kliniki ya ngozi kuhusu Kilisun, losheni inayotengenezwa Moshi kwa ajili ya wenye ualbino. Kidonda chochote kisichopona ndani ya wiki nne, mpeleke hospitali, usisubiri.