Kuendesha mota ya fezi tatu kwa umeme wa fezi moja kwa kutumia VFD

VFD ni kifaa cha kielektroniki kinachoilisha mota umeme na kudhibiti spidi yake. Mfano ni mota ya 2.2 kW inayozungusha mashine ya kuchanganya chakula cha kuku, mahali penye fezi moja ya 230 V tu.

1. Chagua VFD. Iwe ya kupokea fezi moja na kutoa fezi tatu. Linganisha ampea, usiishie kwenye kilowati. Mota hii hula karibu 8.5 A ikifungwa delta (koili tatu zikiunganishwa kwa umbo la pembetatu), hivyo VFD itoe angalau 10 A. Upande wa kuingia itavuta zaidi ya 20 A: weka kebo ya 4 mm² na breka ya 32 A, isipokuwa kijitabu chake kikisema vingine.

2. Funga mota delta. Hapa ndipo siku nzima hupotea.

Soma kibati cha data kilichobandikwa kwenye mota. Kikiandika 230/400 V Δ/Y, mota inafaa, ila mara nyingi utaikuta imefungwa sta (Y, yaani ncha moja ya kila koili zimeunganishwa pamoja) kwa sababu ilikuwa kwenye umeme wa 400 V. VFD hii haitoi volti kuzidi inazopokea. Ukiiacha sta, kila koili inapata 133 V tu na nguvu ya kuzungusha inashuka hadi theluthi moja. Kinachowapoteza mafundi ni kwamba bila mzigo mota inazunguka vizuri kabisa. Tia mahindi na pumba: spidi inashuka, ampea zinapanda, VFD inakata. Usikimbilie kuongeza volti za kuanzia kwenye mipangilio. Utachemsha koili bure.

Ondoa vipande vya shaba vilivyolala kwa safu moja, visimamishe: U1 na W2, V1 na U2, W1 na V2. Kaza nati sawasawa, maana kiungo kilicholegea huungua.

Kibati kikisema 400/690 V, tafuta mota nyingine. Zikitoka nyaya tatu tu, sta imefungwa ndani. Mpelekee fundi wa kusuka mota azitoe zote sita.

3. Unganisha. Nyaya za mota ziende kwenye U, V, W za VFD, pamoja na waya wa athi. Umeme wa gridi ukiingia hapo, VFD imekufa. Kati ya VFD na mota usiweke kapasita, wala kontakta ya kuwashia na kuzimia. VFD ikae mbali na vumbi la pumba.

4. Ingiza data za kibati: volti na ampea za upande wa delta, 50 Hz, mizunguko kwa dakika. Muda wa spidi kupanda uwe sekunde 10, wa kushuka 20. Ikikata kwa volti nyingi wakati wa kusimama, refusha muda wa kushuka, kwa sababu mzigo unaozunguka unarudisha umeme kwenye VFD. Spidi ya chini iwe 25 Hz: feni ya mota iko kwenye shafti yake, na ikienda polepole mota haipoi.

5. Jaribu bila mkanda, kwa spidi hiyo ya chini ya 25 Hz. Ikizunguka kinyume, zima na ubadilishane nyaya mbili za upande wa mota. Kabla ya kugusa, subiri muda ulioandikwa kwenye kasha, usipungue dakika 5. Kapasita za ndani hushika zaidi ya 300 V. Kisha rudisha mkanda, tia mzigo kamili na usome ampea kwenye skrini ya VFD yenyewe. Mita za bei rahisi za kubana waya hudanganywa na umbo la umeme unaotoka humo.